Nimegonga kona ya tela langu la kambi (faiba). Naziba vipi maji yasiingie?

Mnyalu_wa_Duluth

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi wa faiba na wa bodi, maana nimeshika kopo la puti na moyo unasita.

Niko Duluth, Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kwenye ncha ya Ziwa Superior. Miaka mitatu iliyopita mimi na mama watoto tulinunua tela dogo la kulala kambini, la zamani, lile lenye umbo la yai. Kwa asiyelijua: ni magamba mawili ya faiba, la juu na la chini, yameunganishwa kiunoni kwa mshono unaozunguka tela zima. Ukoo wa matela haya ulianzia Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, na tela lililoitwa Boler. Mengi bado yako barabarani kwa sababu ukutani hayana fremu ya mbao ya kuoza. Langu lina urefu wa futi 13. Wanangu wamejifunzia humo kulala gizani bila kuogopa, na mdogo analiita "nyumba yetu ya pili". Ndiyo maana limeniuma.

Ijumaa jioni tulifika kambini, giza linaingia, nikaanza kurudi rivasi kwenye nafasi yetu. Kulikuwa na kisiki kifupi ambacho kwenye kioo hakikuonekana. Mke wangu alikuwa upande wa pili na tochi. Nilisikia tu "kwaa!"

Hali ilivyo: kona ya nyuma kushoto, chini ya mshono, kuna tundu la kuingia vidole viwili. Kutoka hapo ufa umepanda kama sentimita 20. Ribeti mbili za karibu zimechomoka, na ile taa nyekundu ya ubavuni imesagika kabisa.

Lakini kilichonitisha ni kingine. Nilipong'oa mabaki ya taa, maji ya rangi ya chai yalinitiririkia kiganjani. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nne. Nyuma ya taa kuna silikoni ya zamani, tabaka juu ya tabaka, aliyenitangulia aliipaka kila mahali.

Nimenunua puti ya gari na mrija wa silikoni. Naanza au nasubiri?

FundiBodi_Gerezani

Mkuu, pole sana. Funika hilo kopo kwanza.

Nimepiga puti kwenye magari miaka 19, kwa hiyo siidharau. Lakini puti kazi yake ni kusawazisha bonde dogo juu ya kitu kizima. Haina nyuzi ndani, haibebi mzigo. Tela likipita kwenye matuta gamba linajikunja kidogo na kurudi, linajikunja na kurudi, na plagi yako ya puti itapasuka pembeni pande zote. Halafu puti inafyonza unyevu. Ukiipaka juu ya hayo maji ya chai umeyafungia ndani, na huko Minnesota yataganda barafu msimu ukibadilika. Barafu inatanuka, itakuachanisha matabaka ya faiba polepole.

Hayo maji ni bahati yako. Kisiki kimekufungulia mlango wa kitu kilichokuwa kinakula tela kimyakimya. Usikimbilie tundu. Fungua kwa ndani, ujue unyevu umefika wapi.

Na silikoni irudishe dukani.

Mama_Leeds

Kaka Mnyalu, pole wewe na shemeji. Mimi niko Leeds, Uingereza, na karavani yangu ni ya aina nyingine, ganda la alumini juu ya fremu ya mbao. Nakuonea wivu huo ukuta wa faiba, maana kwangu maji yaliingia kupitia reli ya kutundikia turubai, yakashuka ndani ya ukuta bila doa lolote kuonekana, na siku nilipobonyeza kwa kidole gumba kona ya mbele, kidole kilizama.

Tangu hapo nina kipima unyevu, kale kadude kenye sindano mbili za kuchomeka. Chini ya asilimia 15 nalala usingizi. Ikifika kati ya 15 na 20 naanza kutafuta maji yanapoingilia. Ikivuka 20 na kuzidi nafungua ukuta, sina mjadala. Kwako faiba haiozi, lakini sakafu ya hayo matela si mbao? Pima sakafu chini ya hiyo kona. Tafadhali usiache.

BinNahodha

Assalaam alaykum ndugu yangu. Mimi ni wa Mombasa, kazi yangu mashua za faiba, kuunda na kukarabati. Tela lako ni mashua iliyopinduliwa: ya kwetu inazuia maji ya chini, yako inazuia ya juu. Dawa ni ile ile.

Sikiza. Kwanza, mwisho wa ule ufa toboa kitundu cha milimita 3 kwa dreli. Ufa ukifika kwenye tundu la duara huishiwa nguvu ya kuendelea. Usipotoboa utaziba leo na mwezi ujao utauona umechungulia mbele ya kiraka.

Pili, kata vipande vyote vilivyolegea. Gonga kuzunguka tundu kwa sarafu. Penye uzima mlio ni mkali, penye matabaka yaliyoachana mlio ni mfu, kama kugonga boksi. Kata mpaka usikie mlio mkali.

Tatu, usiache ukingo wima. Kiraka chapasa kukaa kwenye mteremko, na mteremko wetu ni 12 kwa 1. Gamba likiwa na unene wa milimita 4, sugua mteremko wa karibu milimita 48 kuzunguka tundu lote. Watu huona ni uharibifu, tundu la vidole viwili linakuwa jeraha la sahani. Lakini nguvu ya kiraka yatoka kwenye upana wa kushikana.

Kabla ya msasa, futa kwa asitoni, ile dawa ya kuyeyusha mafuta na nta, kitambaa safi kila mara. Ukisugua kabla ya kufuta, nta na silikoni ya yule bwana utazisukuma ndani ya faiba.

Kijana_wa_Kitengela

Shikamooni wakubwa. Naomba niingilie kidogo. Mimi tela langu ni la bati la alumini, tunaenda nalo Magadi na Naivasha. Tawi la mti lilinichana paa, mchano wa kama urefu wa kalamu. Fundi wa mtaani aliweka silikoni na skrubu za chuma. Sasa kuzunguka skrubu kuna unga mweupe. Ni nini?

FundiBodi_Gerezani

Marahaba kijana. Huo unga ni alumini yako inaliwa. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, hasa wenye chumvi, vinafanya kama betri, na anayelika ni alumini. Magadi vumbi lenyewe ni magadi, hapo umeongezea moto petroli. Toa hizo skrubu zote. Weka kiraka cha alumini, ribeti za alumini, na katikati utepe wa butili, ule mweusi au kijivu unaonata kama ulimbo na haukauki. Kona za kiraka zikate mviringo, kona kali hunasa matawi na kuinuka.

Mama_Leeds

Na silikoni iliyobaki uikwangue kwa kipande cha plastiki, usitumie kisu. Ukimaliza nyunyizia maji safi. Maji yakitandaa sawasawa, pako safi. Yakikimbia na kujikusanya matone, bado ipo. Hakuna rangi wala gundi itakayoshika hapo.

Mnyalu_wa_Duluth

Wakuu, asanteni, nimerudisha silikoni dukani. Leo Jumapili nimefungua ndani.

Nimetoa benchi la nyuma, nikabandua lile povu jembamba lililogundishwa ukutani. Nyuma yake pamelowa kiasi cha mikono miwili, harufu kama kabati la viatu. Dada wa Leeds, Mungu akubariki: sakafu chini ya kona imesoma 24. Nilipochoma bisibisi iliingia kama nusu sentimita kisha ikagota mbao ngumu, kwa hiyo imelainika juu tu. Nimeacha feni na kifyonza unyevu vikifanya kazi na mlango umefungwa. Sigusi rezini, ile gundi ya majimaji ya kuloweshea nyuzi za faiba, mpaka isome chini ya 15.

Nimegonga kwa sarafu kama alivyosema BinNahodha. Sikuamini! Mlio unabadilika kabisa, hata mwanangu wa miaka saba aliusikia, yeye akawa anachora mpaka kwa penseli nami nagonga. Sehemu mfu ni kubwa kuliko nilivyodhani, imefuata tundu la skrubu za taa. Maana yake uharibifu ulianza kwenye taa, kisiki kimemalizia tu.

Swali: rezini ya poliesta au epoksi? Dukani wamenichanganya.

FundiBodi_Gerezani

Epoksi mkuu. Inashika faiba ya zamani kuliko poliesta, haifinyai sana ikikauka, na harufu yake unaweza kuivumilia.

BinNahodha

Kwa heshima yako fundi, hapa nitapingana nawe kidogo. Ni kweli epoksi hushika zaidi. Kama tundu lingekuwa kwenye shingo ya kuvutia tela ningesema epoksi bila kufikiri. Lakini hapa ni ukuta, na nadhani mwenyewe atataka amalizie kwa jelikoti, lile tabaka la nje lenye rangi na mng'ao. Jelikoti ni mtoto wa poliesta. Juu ya epoksi yaweza kusumbua, isikauke au isishike, hasa epoksi isipokomaa na kuoshwa vizuri.

Na jambo jingine wengi hawalijui: ile mati ya nyuzi zilizokatwakatwa imeshikwa pamoja na unga unaoyeyuka ndani ya poliesta. Epoksi haiuyeyushi, mati yabaki ngumu, haikubali kukaa kwenye kona. Akienda na epoksi anunue kitambaa cha kufuma, na mwisho apake rangi ya polyurethani. Njia zote mbili ni halali. Asichanganye tu.

FundiBodi_Gerezani

Hapo kwenye mati nakubali, nimepambana nayo kwenye bampa nikidhani nimeuziwa mbovu. Kama anataka jelikoti basi poliesta. Kama anakubali rangi, bado nasema epoksi.

Mnyalu_wa_Duluth

Nakwenda na poliesta na jelikoti, maana tela zima bado lina jelikoti yake ya kwanza na sitaki kona moja ya rangi.

BinNahodha

Vyema. Basi haya yashike kama sala.

Kigandishi, yaani hadina, ni asilimia 1 hadi 2 ya rezini. Gramu 100 za rezini, gramu 1 hadi 2. Pima, usikisie. Chini ya 1 yaweza isikomae kamwe, ukabaki na kitu kinachonata. Ukizidisha yachemka, yatoa moshi, yapasuka. Changanya kidogo kidogo kiasi cha kumaliza kabla haijaanza kuganda. Ikibaki nyingi ndani ya kopo yapata moto yenyewe, iweke nje mbali na vitambaa vya asitoni.

Vaa miwani. Tone la hadina jichoni laweza kukupofusha. Likikuruka, osha kwa maji mengi papo hapo, dakika 15 bila kukoma, ndipo hospitali. Miwani, glavu, barakoa ya mvuke yenye vichujio vya mkaa, na unaposugua, barakoa ya vumbi na mikono mirefu.

Kwa wenzetu wa huku Afrika Mashariki wanaosoma: mara nyingi twauziwa rezini, kichocheo cha kobalti cha zambarau, na hadina, vitatu mbali mbali. MSICHANGANYE KOBALTI NA HADINA MOJA KWA MOJA. Hulipuka. Kobalti yaingia kwenye rezini kwanza, yakorogwa ikaenea yote, ndipo hadina. Nimeona karakana ikiungua kwa sababu ya kijana mmoja ambaye hakuna aliyemwambia. Ndugu Mnyalu, huko rezini nyingi huuzwa kobalti ikiwa tayari ndani, soma kopo.

Joto la huko likoje sasa?

Mnyalu_wa_Duluth

Mchana nyuzi 14 za Selsiasi, usiku 6. Ziwa bado baridi, upepo ukigeuka kutoka majini ni koti zito.

BinNahodha

Ngoja siku yenye joto la nyuzi 18 au zaidi, au pasha joto gamba kwa taa za joto pande zote mbili saa kadhaa kabla, na uendelee baada ya kupaka. Hewa ikiwa vuguvugu na gamba likiwa baridi bado kazi yaharibika. Gusa gamba lenyewe.

Mnyalu_wa_Duluth

Nimekaa kimya siku tisa, nilikuwa nasubiri sakafu. Jana imesoma 13. Nimekwangua ile nusu sentimita iliyolainika, nikanywesha epoksi nyepesi ya kuimarisha mbao. Fundi wa Gerezani, epoksi yako imepata kazi yake.

Kiraka sasa. Jirani yangu amenipa gereji yake, ya kwangu haina nafasi. Nimepasha gamba mpaka kipimajoto cha kubandika kikasoma 22. Kwa ndani nimeweka mati mbili zilizozidi tundu kwa upana wa kiganja, nikaziacha zikaganda usiku kucha. Leo nikageukia nje: mteremko, asitoni, kisha mati nne za gramu 450 kwa mita ya mraba, kubwa kwanza, ndogo juu, maana kila moja ikilowa inatoa karibu milimita moja. Viputo vya hewa nimevitoa kwa karola ka chuma kenye mifereji. Rezini niliipaka ukutani kwanza kabla ya mati, kisha juu yake, na mati ikageuka kutoka nyeupe kuwa kama kioo. Penye weupe uliobaki nilirudia.

Nimesugua kwa msasa namba 80, kona imerudi mviringo wake. Nimepitisha kiganja macho nikiwa nimefumba. Mkono unaona mabonde ambayo macho hayaoni. Mawili madogo yamebaki. Nipige puti sasa?

FundiBodi_Gerezani

Hongera sana mkuu, umefanya kwa subira. Ungekuwa unapaka rangi ningesema piga puti nyembamba. Kwa jelikoti mwachie BinNahodha aseme.

BinNahodha

Puti ya gari hapana, jelikoti haiishiki vyema. Changanya rezini ile ile na unga wa kuizitisha mpaka iwe kama siagi, jaza mabonde, sugua.

Rangi sasa, hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Nyeupe ya tela la zamani si nyeupe tena, jua limeichoma. Usilinganishe na gamba lililofubaa kama lilivyo. Chukua sehemu ya karibu, ing'arishe kwanza kwa dawa ya kung'arishia mpaka ifikie rangi ya ndani, hiyo ndiyo uifuate. Anza na nyeupe, tia tone la manjano, tone la kahawia, ncha ya kijiti ya nyeusi. Paka tone dogo juu ya hiyo sehemu iliyong'arishwa, lifunike kwa plastiki safi, litazame nje kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya gereji. Likipotea usilione, umeipata. Fanya hivyo KABLA ya kutia hadina, ukifuta waanza upya.

Na jelikoti ya kawaida ikiona hewa hainyauki juu, yanata. Ukishapaka ifunike kwa karatasi ya plastiki, au tumia ile iliyotiwa nta.

Mnyalu_wa_Duluth

Majaribio kumi na moja ya rangi! Mke wangu ndiye aliyeipata, ni mshonaji, ana jicho la vitambaa. Alisema inahitaji nyekundu kidogo, mimi nikabisha, akatia kwa ncha ya kijiti cha meno, ikazama.

Nimesugua kwa maji namba 400, 600, 800, 1000, 2000, kisha dawa ya kung'arisha. Ukisimama hatua mbili huoni kitu. Ukichuchumaa jua likiwa limelala unaona kivuli chembamba cha mpaka. Nimeridhika nacho.

Ribeti mpya za alumini, kila moja na mviringo wa butili chini ya kichwa. Taa mpya nimeiweka juu ya utepe wa butili, skrubu za chuma kisichoshika kutu, nikakaza kidogo, kesho yake tena, keshokutwa tena, kila mara nakata butili iliyofinywa nje. Waya wa hasi ulikuwa na kutu ya kijani, nimekata nikaunga upya.

Kijana_wa_Kitengela

Kaka hongera. Mimi nimetoa skrubu 14, mashimo yote yameliwa, kiraka kimekuwa kikubwa kuliko mchano. Nitajuaje kimeziba kabla sijaenda nalo mvua za masika?

Mama_Leeds

Mdogo wangu, usingoje masika. Funga madirisha yote, kwenye tundu la hewa la paa weka mashine ya kupulizia majani ipulize ndani, ziba pembeni kwa kadibodi na tepu. Tela likijaa hewa, paka maji ya sabuni kwenye kila mshono kwa brashi. Panapovuja patatoa povu. Nilipata matundu matatu kwangu ambayo kwa mpira wa maji sikuyaona mwaka mzima, kwa sababu maji huingia hapa na kutokea kule.

Mnyalu_wa_Duluth

Nimefanya hiyo ya sabuni jana. Kona ya kushoto: kimya, hakuna hata kiputo. Taa: kimya. Dada, nilipiga kelele ya furaha, jirani akatoka.

Usiku imenyesha mvua ya ziwani, ile ya kulala ubavu na upepo. Nilikuwa nimetandika magazeti sakafuni kote. Asubuhi ya kona ni makavu, yanachakachika. Ila mbele, chini ya dirisha, gazeti lina doa la ukubwa wa sahani ya chai. Dirisha hilo nalo limezungushiwa silikoni ya yule yule bwana.

BinNahodha

Litoe dirisha lote, usizibe juu juu. Hesabu ribeti zake kabla ya kuagiza, na upige picha ya kila upande kabla hujaling'oa, ujue mpira ulikalia vipi. Kisha njoo hapa.

Mnyalu_wa_Duluth

Ribeti 24. Nimeagiza 40. Jumamosi naanza.